Kuzamia

Ujumbe uliingia saa tano usiku, stima ikiwa imepotea Chaani nzima. Simu ilikuwa imebakisha asilimia 11. Mteja, ambaye sijawahi kumwona sura wala kumsikia sauti, alitaka maneno 1,500 kuhusu boti zinazoenda kasi juu ya maji, kisha zikazama na kutembea chini kwa chini zikiwa zimebeba wapiga mbizi. Siku tatu. Shilingi 4,500. Nikajibu "sawa" kabla simu haijazima, halafu nikakaa gizani nikijiuliza: boti ikizama, hiyo si ndiyo ajali?

Hii ndiyo kazi yangu. Naandika vitu vya watu wengine. Nimeshaandika kuhusu mashine za kukata nyasi za watu ambao nyasi zao sitaziona maisha yangu, magodoro ya wagonjwa wa mgongo, chakula cha paka. Jina langu halitokei popote. Nilianza baada ya kuacha chuo mwaka wa pili, uhandisi wa mitambo. Nikisema "kuacha" najipa heshima kidogo, manake kuacha ni kama nilichagua.

Huku Mombasa tuna neno moja linalofanya kazi nyingi. Mtu akienda chini ya bahari, amezamia. Akijificha kwenye meli pale bandarini ili aamkie Ulaya, amezamia. Akiingia harusi asiyoalikwa, akala biriani na kupiga picha na bibi harusi, huyo naye amezamia. Mimi nilizamia chuo. Karo ilikwama, jina langu likatolewa kwenye orodha, lakini muhula mzima niliendelea kuingia darasani, nakaa nyuma kabisa, naandika kila kitu. Mhadhiri hakujua, na wenzangu hawakusema. Ilifika siku ya mtihani, mlangoni wakaomba kadi. Hapo ndipo nilipoibukia.

Kwa hivyo kazi ya boti zinazozama niliipokea kwa hamu ambayo sikuwa nayo kwa chakula cha paka. Asubuhi stima iliporudi nikanunua bando nikasoma mpaka macho yakawasha.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba hizi si nyambizi. Nyambizi ni chupa iliyofungwa: watu wako ndani, wakavu, wanavuta hewa ya kawaida, na chuma kinene ndicho kinachopigana na uzito wa bahari. Hizi nyingine zinaingiza maji kwa makusudi. Mnafika mahali, mnavaa mitungi na barakoa, nahodha anafungulia maji yajae alipokaa yeye na mlipokaa nyinyi, na chombo kinashuka nanyi mkiwa mmeloa chepe. Juu kinasukumwa na injini ya kawaida, chini kinasukumwa na betri. Kampuni moja ya Uingereza, SubSea Craft, imetengeneza kimoja kinachoitwa VICTA: kinabeba watu 8, juu ya maji kinapita kilomita 50 kwa saa, na kinahitaji dakika chache tu kugeuka kutoka boti kuwa kitu cha chini ya maji. Kwa kuwa maji yako ndani na nje, ubavu wake hauhitaji kuwa mnene kama wa nyambizi. Bahari haina cha kuminya. Ndiyo maana kinaweza kuwa chepesi, na ndiyo maana kinaweza kukimbia.

Niliipenda akili hiyo. Badala ya kupigana na maji, unayakaribisha ndani.

Jambo la pili lilinishangaza zaidi, kwa sababu njia yake inapita karibu na mlango wetu. Usiku wa kuamkia tarehe 19 Desemba 1941, Waitaliano sita waliingia bandari ya Alexandria, Misri, wakiwa wamepanda vitu vitatu vinavyofanana na makombora marefu, wawili wawili, kama watu waliopakiana kwenye bodaboda. Wenyewe waliviita "maiale", yaani nguruwe, kwa jinsi vilivyokuwa vikaidi kuendesha. Mwendo wake ulikuwa wa mtu anayetembea kwa miguu. Waendeshaji walikuwa wazi majini, wanapumua kwa vifaa vya oksijeni. Wakapenya bandarini, wakatega mabomu, na alfajiri manowari mbili kubwa za Uingereza, Queen Elizabeth na Valiant, zikakalia tope la bandari. Valiant ilitengenezwa, na mwaka 1942 ikajiunga na kikosi cha mashariki cha Waingereza, kile kilichokuwa na kituo chake hapa Kilindini.

Kilindini. Kutoka kwetu Chaani ukitelemka kuelekea majini, unapita malori ya makontena yaliyopanga foleni, unapita kelele za Kipevu, unafika kwenye mikoko ya Port Reitz, na maji unayoyaona ni ya bandari hiyohiyo. Nimekulia hapo, nimejifunza kuogelea hapo, na sikuwahi kuambiwa.

Waingereza nao walipoona yaliyowapata wakatengeneza vyao. Kulikuwa na mtumbwi wa mota wa mtu mmoja, unaozama, ulioitwa Sleeping Beauty. Miaka ya 1980 ikaja boti ya mpira ya Subskimmer, unaiendesha juu kama boti yoyote kisha unashuka nayo. Lakini kila niliposoma kuhusu chombo kipya, kazi yake kubwa ilikuwa ileile: kumfikisha mtu mahali asipotakiwa kuonekana. Kuzamia, kwa ile maana ya harusi.

Siku ya pili mteja akaandika tena. Rasimu imemfurahisha. Ila aliona ni ya kijeshi mno. "Ongeza sehemu ya uokoaji. Tafuta ajali ya kivuko huko Afrika, eleza jinsi boti kama hizi zingebadilisha mambo. Wasomaji wanapenda hadithi ya kweli." Hakujua naishi wapi, na sijui kama angejali.

Sikuhitaji kutafuta. Jumapili jioni, tarehe 29 Septemba 2019, gari liliteleza kutoka kwenye feri ya MV Harambee katikati ya kivuko cha Likoni. Ndani yake alikuwemo mama na bintiye wa miaka minne. Video iliyochukuliwa na abiria ilifika kwenye simu zetu kabla hata hatujamaliza kula. Unaliona gari linaelea, halafu unaliona linazama. Mamangu aliiangalia mara moja tu, akaweka simu kifudifudi mezani.

Nilikuwa na miaka 19, nimeitwa chuo na bado tunatafuta karo ya kuanzia. Mjomba wangu, kakake mamangu, alikuwa akienda Likoni kila siku kusimama ukingoni. Siku ya tano akanichukua. Tulisimama upande wa kisiwani na watu wengi, tukiangalia boti za Jeshi la Wanamaji zikizunguka, na feri zikiendelea kuvuka kwa sababu watu lazima waende kazini. Wapiga mbizi wa jeshi walikuwepo, wa kujitegemea wakaja, na kutoka Afrika Kusini wakaja wengine. Ilichukua siku 13. Tarehe 11 Oktoba gari lilivutwa juu kutoka kina cha mita 58, na wao wakiwa ndani.

Usiku wa siku ile ya tano nilikaa kitandani nikachora, nyuma ya daftari la hesabu la shule, boti yenye matangi mawili ubavuni. Ukiyajaza maji inashuka, ukiyajaza hewa inapanda. Nilichora viti vinne na taa kubwa mbele. Nilijua kuchora kuliko nilivyojua fizikia, lakini daftari hilo nilienda nalo chuo, na nilirudi nalo.

Kwa hivyo aya aliyotaka mteja nilikuwa nayo tayari, miaka sita sasa. Nikaiandika kwa nusu saa. Chombo kinaondoka ukingoni dakika ileile, wapiga mbizi hawachoki kupigana na mkondo, taa zinamulika, gari linaonekana, siku 13 zinakuwa saa tatu. Ilikuwa aya nzuri. Nikaenda nayo kwa mjomba.

Mjomba huwa anakaa maskani karibu na msikiti, kwenye benchi la kahawa. Ujana wake alifanya kazi ya kukwangua magamba chini ya meli, hewa ikishuka kwa mpira kutoka kwenye kompresa. Mara nyingine alitumwa kufuata nanga au mnyororo uliokatika, kule kwenye kina. Alikuwa analipwa kwa kazi, si kwa saa, kwa hivyo alikuwa anashuka mara nne au tano kwa siku na kupanda mbiombio. Leo mkono wake wa kulia haupiti sikio. Kwa miaka aliambiwa, na yeye aliamini, kwamba ni baridi yabisi.

Nikamsomea. Akasikiliza mpaka mwisho, akanywa kahawa yake, akaniuliza, "Hicho chombo kina bati? Yaani, wewe umekaa pakavu ama majini?"

"Majini, mjomba. Unavaa mtungi."

"Basi hapo wanidanganya."

Akaagiza soda. Yeye hanywi soda, ana sukari. Akaitikisa kidogo, akanionyesha kwamba ndani ya chupa iliyofungwa huoni kitu. Akafungua kidogo kidogo, ikatoa sauti ndogo, ikatulia. Akamwomba muuzaji nyingine, akaitikisa, akaifungua kwa mara moja. Ikamwagika mezani, wazee wakalalamika.

"Hii ya pili ndiyo mimi," akasema.

Alichokuwa ananieleza nilikisoma baadaye kwa lugha ya vitabu. Kila mita 10 unazoshuka, bahari inakuongezea uzito sawa na wa anga yote iliyo juu yetu. Kwenye mita 58 unabeba karibu mara saba ya unachobeba hapa benchini. Hewa unayovuta nayo inabanwa vivyo hivyo, kwa hivyo mtungi ambao juu ungekutosha saa nzima, kule chini haufiki dakika 9. Naitrojeni iliyomo kwenye hewa inaingia kwenye damu, inakulevya kama pombe, na unaweza kusahau ulichofuata. Ukitaka kurudi lazima upande kwa vituo, usubiri, upande, usubiri, la sivyo naitrojeni inafanya mapovu mwilini kama ile soda ya pili. Wanaoenda kina hicho kikazi huchanganyiwa gesi nyingine, heliamu, na hupangiwa kila dakika kabla hawajalowa.

Na ile akili niliyoipenda, ya kuyakaribisha maji ndani, ndiyo inayoiangusha hadithi yangu. Chombo kinakubeba, lakini hakikukingi. Presha iliyo nje ndiyo iliyo kifuani mwako. Vyombo hivi vimetengenezwa kwa makumi machache ya mita, kwa sababu mpaka wake si chuma wala betri, ni mwili wa mtu aliyekaa juu yake. Kingeweza kumpunguzia mpiga mbizi uchovu wa mkondo, hilo kweli, na pengine kumwongezea hewa. Lakini kumfikisha mita 58 na kumrudisha mzima ni kazi nyingine kabisa, na kule hata taa haikusaidii sana, manake maji ya kivukoni yamejaa tope. Kitu cha kuteremka kina kile bila kuogopa ni mashine yenye kamera isiyo na mapafu.

"Na hata kingefika," mjomba akasema, "kingefika kuchukua nini? Yule mama hakuhitaji chombo cha kuzamia, mwanangu. Alihitaji kitu cha kulizuia gari lisirudi nyuma. Mnyororo tu. Kigingi."

Nikanyamaza. Halafu akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipopinduka mita 40 hivi kutoka ukingoni, yeye alikuwa ng'ambo na mashua ya rafiki yake. Walikufa watu 272. Mjomba alizamia bila mtungi wala miwani, kwa pumzi yake, mpaka adhuhuri. "Niliwatoa wangapi sikumbuki. Nakumbuka wa mwisho alikuwa na begi la shule mgongoni. Na hapakuwa kina, wajua? Hapakuwa mbali. Mita 40 ni kutoka hapa mpaka pale kwa muuza viazi."

Sote tukaangalia pale kwa muuza viazi.

Nilirudi nyumbani nikafuta aya yangu nzuri. Nikaandika nyingine, fupi: kwamba ajali ya kivuko hutokea kwa dakika, na chombo hiki, kwa jinsi kilivyoundwa, kisingelifikia gari lile, kwamba faida yake ipo katika maji mafupi, kukagua nguzo za bandari, matumbo ya meli, mabomba, kumpeleka mpiga mbizi mbali bila kumchosha, na kwamba anayetaka kuokoa watu wa feri aanze na milango ya feri.

Mteja alijibu baada ya dakika kumi. "Hakuna atakayenunua kitu baada ya kusoma haya. Rudisha ile hadithi, fanya iwe na matumaini."

Nataka niseme nilikataa kwa kishindo. Ukweli ni kwamba tulikuwa tarehe 4, mwenye nyumba alikuwa ameshapita mara mbili, na mamangu alikuwa ameshachukua Fuliza mpaka ikagoma. Shilingi 4,500 zilikuwa na majina yake tayari. Nilikaa na ile aya ya kwanza kwenye kioo, kidole juu ya kitufe. Ilikuwa imeandikwa vizuri, na hakuna mtu Likoni ambaye angeisoma. Jina langu halingekuwepo. Ningekuwa nimezamia tena, nimeingia na kutoka bila mtu kujua.

Lakini wale wawili walikaa chini siku 13. Kusema kwamba zingekuwa saa tatu, kwa sababu tu ya kuuza boti, ni kumwambia yule aliyekuwa akisubiri ukingoni kwamba kilichokosekana ni bidhaa. Na ni kumwambia mjomba kwamba mkono wake uliharibika kwa ushamba, hakuwa na mashine.

Nikaitoa sehemu yote ya uokoaji. Sikusema uongo, na ukweli nao sikuuacha. Mteja akakata shilingi 1,500 kwa "kazi pungufu" akatuma zilizobaki. Makala sijui yalitoka wapi wala na aya ya nani ndani yake. Mwenye nyumba akapokea 3,000, akasema nyingine Ijumaa.

Nimeandika haya kwa sababu zile shilingi 1,500 nahisi ni zangu. Hii ndiyo aya iliyokatwa, imerefuka kidogo, na safari hii ina jina langu juu.

Wiki iliyopita nilimsindikiza mjomba Likoni kwenye matanga. Feri ilikuwa imejaa, jua la mchana, watu wamebanana kama kawaida, muuza njugu anapita na kijikapu chake. Nikatafuta kivuli. Mjomba hakunifuata. Alienda zake nyuma, pale magari ya mwisho yanaposimama, akainama akaangalia gurudumu la gari moja dogo. Dereva akashusha kioo.

"Kuna nini, mzee?"

"Hakuna kitu, baba. Umevuta breki ya mkono?"

Yule dereva akacheka kidogo, lakini nilimwona akishika breki, akaivuta tena. Mjomba akabaki amesimama hapohapo, mkono wa kushoto juu ya chuma cha moto, mpaka tukagusa ng'ambo.